Mzigo Usiotajwa Ndio Uzamishao Chombo

Hotuba kwa mkutano wa waumini na watetezi wa mageuzi



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya bandari na vyombo vya baharini. Bila shaka wapo miongoni mwenu wanaojiuliza: kanisa na gati wapi na wapi? Mtetezi wa katiba ana shughuli gani na winchi, makontena na minyororo ya nanga? Twajibu kwa kuwakumbusha asubuhi moja.

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliondoka ng'ambo ya kusini mwa Mombasa ikiwachukua watu waliokuwa wakienda kazini. Ilikuwa na abiria wapatao 400, ilhali haikustahili kubeba zaidi ya 300. Ilipinduka karibu na nchi kavu. Watu 272 walifariki. Hawakupigwa na tufani, wala hawakushambuliwa na adui. Walikuwa wafanyakazi, wachuuzi na wanafunzi, watu wa kawaida waliopanda chombo ambacho walio na dhamana ya kuhesabu vichwa hawakuvihesabu, au walivihesabu wakanyamaza.

Ndugu zetu, wakati huo nchi ilikuwa na zaidi ya miaka miwili tangu kifungu cha 2A kifutwe, Desemba 1991. Wengi wetu tulidhani kwamba tukishapata vyama vingi tumepata mageuzi. Mtongwe ilitufunza kuwa mageuzi hayaishii kwenye sanduku la kura. Serikali isiyoulizwa swali bungeni ni ile ile isiyoulizwa swali kwenye feri. Mazoea ya kunyamaza hayachagui mahali pa kuua.

Wasomaji wa Maandiko wanakumbuka safari ya mtume Paulo iliyosimuliwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo alikuwa mfungwa, hakuwa na cheo wala sauti. Aliona kuwa majira ya kusafiri yamepita, akaonya kwamba wakiendelea watapata hasara ya shehena, ya merikebu na hata ya roho zao. Akida hakumsikiliza. Aliwasadiki nahodha na mwenye chombo, maana hao ndio waliokuwa na ujuzi na mali. Mwisho wa yote merikebu ilivunjika. Hata hivyo, watu wote 276 waliokuwamo walifika pwani salama. Kwa nini? Kwa sababu tufani ilipokwisha kuwanyenyekesha, akida alijifunza kumsikiliza mfungwa. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo na kuwaacha abiria, alikuwapo wa kusema na alikuwapo wa kusikia.

Tuziweke hesabu hizi mbili bega kwa bega: kule 276 waliokoka, huku 272 waliangamia. Hatudai kwamba hesabu hizi zina siri fulani. Twasema tu kwamba chombo kimoja, hata kama ni kwa kuchelewa, kilimsikiliza mtu mdogo, na kingine hakikumsikiliza.

Hili ndilo neno letu la leo, nasi hatutalibadilisha hadi mwisho: katika mambo ya bahari, mzigo usiotajwa ndio uzamishao chombo. Ulinzi wa bandari, utendaji wa kazi zake na utunzaji wa mazingira yake hutajwa katika ofisi kana kwamba ni mambo matatu. Kwetu ni jambo moja, nalo ni ukweli kuhusu mzigo: ni kitu gani, kina uzito gani, na ni nani atakayeubeba.

Tuanze na utendaji. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini hukataza kontena kupakiwa melini kabla uzito wake halisi haujathibitishwa. Sheria hii haikutokana na mapenzi ya makaratasi. Kontena lililoandikwa uzito wa uongo huweza kuangusha safu nzima ya makontena, kuinamisha meli, au kumwangukia kuli aliyesimama chini ya winchi. Mwenye mzigo hupunguza tarakimu ili aokoe fedha, naye kuli hulipa kwa uti wa mgongo wake. Je, hii si Mtongwe kwa sura nyingine?

Twende kwenye ulinzi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, mataifa yalikubaliana juu ya kanuni za ulinzi wa meli na bandari zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Kuanzia hapo bandari zimezungushiwa ua, malango yana walinzi, na kila aingiaye hudaiwa kitambulisho. Hatupingi. Lakini ua huzuia mtu wa nje asiingie. Hauzuii uzembe ulioko ndani usikue. Tazameni Beirut, mji mkuu wa Lebanon. Meli iitwayo Rhosus ilifika huko mwaka 2013 ikiwa na amonia naitreti, kemikali itumiwayo katika mbolea na katika baruti. Shehena ile, ipatayo tani 2,750, ilishushwa mwaka uliofuata ikawekwa ghalani. Barua za kuonya ziliandikwa, zikapita kutoka ofisi hii hadi ofisi ile. Maofisa walijua. Mama aliyekuwa akipika chakula katika mtaa wa jirani hakujua. Tarehe 4 Agosti 2020 ghala lile lililipuka, likaua zaidi ya watu 200 na kubomoa sehemu kubwa ya mji. Malango yalikuwa na walinzi siku hiyo. Kilichokosekana ni ukweli kumfikia yule ambaye angekufa kwa kutoujua.

Sasa turudi nyumbani, twende Lamu, maana huko ndiko somo hili limeandikwa kwa wino ambao haujakauka.

Tarehe 2 Machi 2012, viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mpango mkubwa wa bandari mpya, barabara, reli na bomba la mafuta. Mpango huo uliitaja bandari ya magati 32 katika ghuba ya Manda. Zilitajwa kazi, zikatajwa biashara na maendeleo. Kuna mzigo mmoja ambao haukutajwa sawasawa, nao ni ule ambao mvuvi wa Lamu angetwishwa.

Asiyeijua Lamu na aelewe hivi. Wilaya ile ya kale ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Katikati ya mikoko na visiwa kuna mikono ya bahari iliyokingwa na mawimbi, na humo samaki na kamba hukulia. Mvuvi wa Lamu aghalabu ana mtumbwi, ngalawa au mashua ndogo. Kusi inapovuma, hawezi kutoka nje ya mwamba kwenda bahari kuu. Hutegemea maji yale ya ndani. Basi bandari ya meli kubwa haina budi kuchimbiwa kina. Mashine hukwangua sakafu ya bahari, tope likatanda majini, likayafunika matumbawe na majani ya bahari ambayo samaki huyatumia kwa chakula na maficho. Mlango ambao meli hupitia unakuwa njia isiyoruhusiwa nyavu. Mtu aliyerithi bahari kutoka kwa babu yake hujikuta mgeni ndani yake.

Isitoshe, baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 katika eneo la Mpeketoni, wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa, kwa sababu ya usalama. Twaomboleza pamoja na waliofiwa katika mashambulizi yale, wala hatudharau kazi ya askari. Twauliza tu: ni nani aijuaye bahari ya Lamu kuliko mvuvi? Ni nani atakayetambua mashua ngeni kwa umbo la tanga lake au mlio wa mashine yake? Mtu huyo ni jicho la taifa. Ukimfungia nyumbani akashinda na njaa, umelifumba jicho hilo kwa mkono wako mwenyewe.

Wavuvi wale hawakushika mapanga. Walishika Katiba. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ni matunda ya machozi ya wengi, baadhi yao wakiwa katika ukumbi huu. Ibara yake ya 10 inautaja ushirikishi wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 42 inampa haki ya mazingira safi na yenye afya. Wakazi wa Lamu walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2012 wakiwa na ibara hizo. Walingoja miaka sita. Mwaka 2018 mahakama iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa: hawakushirikishwa ipasavyo, hawakupewa habari walizostahili, na mazingira yao na utamaduni wao vilitiwa hatarini. Wavuvi wapatao 4,600 waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Tulishangilia. Lakini hukumu si mkate. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, miaka mitatu baada ya hukumu, na siku hiyo wavuvi walikuwa wangali wakiingoja fidia yao. Meli ilipokewa kwa ngoma kabla mvuvi hajapokea haki yake. Wazee husema, haki iliyocheleweshwa ni haki iliyonyimwa; nasi twaongeza kwamba mvuvi hawezi kuweka hukumu chunguni.

Watatuambia kuwa twapinga maendeleo. La hasha! Sisi ni watoto wa nchi inayokula kwa bandari. Ngano, mafuta, dawa na mbolea hupitia Kilindini kabla ya kufika Kisumu, Kampala na Kigali. Twataka bandari, twataka bandari nzuri. Bandari nzuri ni ile inayotaja mzigo wake wote kabla ya kung'oa nanga, ikiwamo gharama itakayomwangukia mnyonge. Na ukweli ukisemwa mapema, mradi mbaya waweza kuzuilika. Mnamo Juni 2019, Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa iliifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa huko huko Lamu, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Waliofungua kesi hiyo ni wakazi, watu kama ninyi.

Basi tufanye nini? Tunatoa wito kwenu katika mambo manne.

Kwanza, kila kusanyiko lililo karibu na maji, la kanisa au la msikiti, liteue watu wawili au watatu wa kusoma ripoti za athari za mazingira. Sheria ya mwaka 1999 inataka ripoti hizo zifanywe na wananchi waalikwe kutoa maoni. Mwaliko usiojibiwa huhesabiwa kuwa ni kibali. Msiache kiti kiwe kitupu, kisha mlalamike kwamba mliamuliwa.

Pili, tudai kujua shehena za hatari zinazohifadhiwa karibu na makazi yetu, na jinsi majirani watakavyoonywa siku ya ajali. Tunayo sheria ya kupata habari tangu mwaka 2016. Andikeni barua. Wekeni nakala. Wasipojibu, andikeni tena.

Tatu, kuli, baharia na mvuvi wawe na kiti mahali ambapo mambo ya ulinzi na ya kazi za bandari yanapangwa. Kuli anayesema kwamba kamba ya winchi imechakaa asifukuzwe kazi kwa kusema. Huyo ndiye Paulo wa merikebu yetu.

Nne, tusikubali tena bahari ichimbwe kwanza na fidia ijadiliwe baadaye. Mizani ipimwe mbele ya mwenye mali.

Tunajua kuwa wengi wenu mnatoka bara na hamjawahi kutia mguu katika maji ya chumvi. Jambo hili ni lenu pia. Mtongwe walikufa Wakenya wa kila kabila na kila dini. Maji hayakuwauliza walitoka wapi. Mwislamu wa Lamu anapotetea haki ya kuulizwa, anamtetea Mkristo wa bara ambaye shamba lake litapitiwa na bomba au reli kesho. Nasi tukimwacha peke yake, tutakuwa kama wale mabaharia waliotaka kushuka kwa mashua ndogo usiku na kuwaacha wenzao.

Chombo hiki ni kimoja, ndugu zetu. Tuhesabu vichwa. Tutaje mzigo. Na atakayeona maji yakiingia, aseme kwa sauti, hata kama yu mfungwa, hata kama akida hapendi kusikia.

Mungu awabariki, na awape nguvu ya kusema kweli.