Kipimo cha moyo: tukipokee, ila tujue tunapokea nini

(Maneno ya muuguzi wa chama kwenye mkutano wa wanachama, Luberizi)



Swali ni moja: tupokee katoni ya vipimo vya haraka vya moyo, ama hapana? Mimi nasema tupokee. Ila nisikieni mpaka mwisho.

Sisi tuliokaa kambini tunakijua kipimo cha malaria: tone la damu, robo saa, mistari miwili. Hiki ni vile vile, ila kinatafuta troponini, protini ya ndani ya msuli wa moyo. Mshipa wa moyo ukiziba, msuli unaanza kufa, na troponini inavuja kwenye damu.

Huku kwetu mzee akibanwa kifua, jasho la baridi linamtoka, tunasema ni malaria ama vidonda vya tumbo. Si sisi peke yetu. Kule Moshi, Tanzania, watafiti walichunguza wagonjwa 681 waliofika hospitali na maumivu ya kifua ama kukosa pumzi. Watu 152 walikuwa na shambulio la moyo, na wengi wao halikutambuliwa.

Sasa hatari iko hapa. Troponini inachelewa: masaa matatu, manne, hata sita ndiyo kipimo kiione. Mtu akipimwa mapema, mstari hautokei, anarudi nyumbani akifurahi. Huyo anaweza kufa usiku ule ule. Basi ulizeni kwanza maumivu yalianza saa ngapi, na baada ya masaa machache mumpime tena. Dalili zikiwa kali, msingojee mstari wowote: atafune aspirini ya miligramu 300, kama haimdhuru, na gari itafutwe.

Gari gani? Kutoka hapa mpaka Uvira, upite Sange, na mvua ikinyesha ile barabara mnaijua wenyewe. Kipimo hakizibui mshipa. Juu ya hiyo naomba sehemu ya sanduku letu ikae kando kwa mafuta na gari ya usiku. Na wafadhili, kabla ya katoni ya pili, tusaidieni mashine ya kuchora mapigo ya moyo. Hiyo mashambulio mengine inayaonyesha palepale, bila kungoja damu.

Jambo dogo la mwisho. Vipimo vingi vya namna hii havitaki joto la kupita digrii 30, na stoo yetu ni ya mabati, kwenye jua hili la bonde la Ruzizi. Nani ana chumba cha matofali chenye baridi, karibu na kituo cha afya?