Masomo ya Mtandaoni: Nani Ameketi na Mtoto?



Wazazi wetu, ndugu zangu na dada zangu, nimeombwa nizungumze nanyi juu ya masomo ya mtandaoni, faida zake na madhara yake. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Basi tuanze na uzuri, twende kwenye ila, kisha tuulizane tufanye nini.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini, serikali ilitangaza shule zifungwe. Masomo yakahamia kwenye redio, televisheni na simu. Ramadhani ya mwaka huo misikiti nayo ilikuwa imefungwa, na darsa nyingi zikasikilizwa kwenye simu. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi shuleni Oktoba 2020, na waliobaki wakangoja mpaka Januari 2021. Hiyo ni zaidi ya miezi tisa! Mtoto aliyekuwa na simu, tena akawa na mtu wa kumsimamia, alisonga mbele. Aliyekosa kimoja kati ya hivyo viwili alibaki nyuma. Yashikeni maneno haya mawili: simu, na mtu.

Sasa faida. Ya kwanza, umbali umepungua. Mwanafunzi aliye Mandera au Lamu anaweza kumsikiliza mwalimu aliye Nairobi bila kupanda basi. Na wapo jamaa zetu walioko ng'ambo ambao watoto wao husomeshwa Qur'ani na maalim aliyekaa hapa pwani.

Ya pili, mlango umefunguliwa kwa wale ambao shule iliwapita. Dada mwenye mtoto mchanga, kijana anayeshinda dukani kutwa, hawa wana nafasi tena. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2023, husomesha kwa njia ya mtandao, na mtu anaweza kusomea shahada bila kuhama kwao.

Ya tatu, somo lililorekodiwa linarudiwa. Wewe unayeona haya kunyoosha mkono darasani, hapa unaweza kumrudisha mwalimu nyuma mara kumi, wala hakasiriki.

Tuje kwenye ila. Kwanza ni gharama. Saa moja ya darasa la video inaweza kula gigabaiti nzima ya bando. Nyumba ina watoto wanne na simu moja, nayo ni ya baba, na baba ameondoka nayo kwenda kazini. Hapo nani atasoma? Na stima zikipotea, darasa limekwisha.

Pili, kuna mambo hayapiti kwenye waya. Huwezi kujifunza kazi ya maabara kwa kuitazama tu. Na Qur'ani je? Chuoni watoto humfuata maalim kwa sauti moja. Mtandaoni hilo haliwezekani, kwa sababu kila sauti hufika kwa wakati wake, ikawa ni kelele. Inabidi asome mmoja mmoja. Na mtandao ukiwa dhaifu, sin na swad zasikika sawasawa. Mtoto atakosea na maalim asijue, kisha kosa limzoee mpaka ukubwani.

Tatu ni kuzubaa, na hapa vijana tusidanganyane. Kamera umeizima, jina lako liko darasani, lakini wewe mwenyewe uko TikTok. Mwalimu anaita mara tatu, kimya! Jioni unaomba majibu ya mwenzako, unanakili, unatuma. Umemdanganya nani? Wewe uliyefunga leo ungeweza kuingia chumbani ukanywa maji na asikuone mtu. Mbona hukunywa? Basi kijana anayeweza kuacha maji pasipo mtu wa kumtazama, anaweza pia kusoma pasipo mwalimu wa kumtazama. Nguvu unayo. Itumie na kwenye masomo.

Nne ni usalama, na hili ni la wazazi. Usimwache mtoto mdogo na mwalimu usiyemjua, mlango umefungwa, vipokea sauti masikioni. Huwezi kumkaribisha mgeni chumbani kwa mwanao. Basi na wa kwenye simu ni mgeni vilevile.

Kwa hivyo tusiulize kama mtandao ni mzuri au mbaya. Tuulize, nani ameketi na mtoto? Mtu mzima mwenye nia atafaidika hata akiwa peke yake. Lakini mtoto anahitaji jicho la mtu. Shuleni mwalimu humwona mtoto aliyelala njaa, au aliyenyamaza ghafla kwa sababu kuna jambo nyumbani. Kwenye simu haoni. Kwa watoto, basi, masomo ya mtandaoni yawe nyongeza ya shule na chuo, yasiwe badala yake.

Tufanye nini? Mzazi, mweke mtoto sebuleni anaposoma, nawe uketi karibu hata kama hujui hesabu yenyewe. Mwambie akusimulie alichojifunza. Akishindwa kusimulia, hakusoma. Panga zamu ya simu, na zamu ya binti isiliwe na kazi za jikoni. Mwanafunzi, andika kwa mkono, simu nyingine zikae mbali. Bando likiwa dogo, sikiliza sauti bila picha. Na kwa Qur'ani, hata ukisoma mtandaoni wiki nzima, tafuta siku ukae mbele ya maalim akuone mdomo.

La mwisho ni la sisi vijana wa jumuiya. Mwezi huu sahani za futari zinatoka mlango huu zikiingia ule. Hiyo ni desturi yetu njema. Je, kwa jirani yako kuna mtoto asiye na simu? Mwite. Mpe saa moja kwenye simu yako, nawe uketi naye. Tulipofungiwa mwaka 2020 wako waliobaki nyuma kwa kukosa saa hiyo moja tu, na wengine hawajalipata tena pengo lile. Basi sahani ikipelekwa kwa jirani, na somo nalo lipelekwe.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.