Sharti Moja la Mahakama



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na waamini wote,

Nimeombwa kuzungumza juu ya ndugu zetu waliopatikana na hatia mahakamani, lakini wakarudishwa nyumbani bila kufungwa na bila kuwekewa afisa wa kuwasimamia. Wengi wetu hukiita "kifungo cha nje", na kwa ajili ya jina hilo huwatendea kama wafungwa. Yatupasa basi kuanza na sheria yenyewe.

Hapa Tanzania, kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humpa hakimu uwezo wa kumwachilia mkosaji kwa masharti, ikiwa ameitazama aina ya kosa na tabia ya mtu, akaona haifai kumwadhibu wala kumweka chini ya afisa wa probesheni. Sharti lenyewe ni moja: asitende kosa lolote katika muda uliotajwa, nao hauwezi kuzidi miezi 12. Tena hakimu anapaswa kumweleza kwa lugha nyepesi kwamba akikosa tena katika muda huo, aweza kuadhibiwa pia kwa lile kosa la kwanza.

Tupime uzito wa neno "lolote". Aliyeachiliwa kwa wizi wa kuku hatakiwi kujiepusha na wizi peke yake. Akipigana kilabuni, au akipika gongo, naye akatiwa hatiani, kesi ya kuku yaweza kufufuka. Kwa hiyo jamaa wanaomwambia, "Umesamehewa, yamekwisha," hawamsaidii. Hayajakwisha mpaka muda utimie.

Kwa upande mwingine, sharti hilo halimkatazi kusafiri wala kufanya kazi. Tuseme kijana amepata kibarua wilaya ya jirani, na mzazi wake akamzuia, akidhani kwamba kuvuka mpaka wa kijiji ni kuvunja amri. Kibarua kitapotea, na njaa itamrudisha palepale alipoangukia. Vivyo hivyo, mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kumtaka aripoti kwake kila Jumatatu kwa sababu ya amri hiyo, wala ya kumtoza chochote. Ikiwa mahakama imeamuru pia fidia, hiyo ilipwe kama ilivyoamriwa.

Dawa ya mashaka haya ni nakala ya hukumu. Aiombe, aisome au asomewe: tarehe, muda, na fidia kama ipo. Asipoelewa, amwendee msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Ndugu zangu, tumkumbuke yule mwanamke wa Injili ya Yohana, sura ya 8. Yesu hakusema kwamba hakukosa. Alimwachilia aende zake kwa sharti moja, asitende dhambi tena, wala hakumwongezea la pili. Sisi ndio twaongeza: twamwondoa mtu katika kwaya, twamnyima mkopo wa kikundi, twaingiza majembe ndani apitapo. Mahakama imempa miezi 12. Sisi twampa maisha.

Hakuna afisa atakayemtembelea. Basi hatuna budi kumtembelea sisi, si kwa kumpeleleza, bali kwa kumsindikiza. Nawaomba viongozi mambo matatu. Kwanza, mtu mmoja anayemwamini apewe jukumu la kumkumbusha sharti lake na siku litakapokwisha. Pili, aliyekosewa naye atembelewe, maana hasara ni yake, na upatanisho usiomjali si haki. Tatu, mkosaji atafutiwe kazi, kwa kuwa mikono yenye jembe haina nafasi ya kuiba.

Siku muda utakapotimia bila kosa jipya, furaha isiwe ya jamaa zake peke yao, bali ya jumuiya nzima.

Mungu atubariki sote.