Kupima prostati: tupime nani, na tukishapima tufanye nini?

Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Goma. Tumeyaacha jinsi yalivyosemwa, tumefupisha kidogo tu.



Komite imeniomba niseme juu ya prostati. Naona wengine wamekuja wakicheka. Mucheke tu, lakini leo tuko na jambo la kuamua. Kuna pesa imeingia katika sanduku letu la afya, na kuna pendekezo: tuite siku moja wanaume wote wa chama wenye miaka 40 na kupanda, tuwatoe damu, ipelekwe labo, kila mmoja arudi nyumbani na karatasi yake. Pendekezo limetoka kwa moyo mzuri. Mimi naomba tusilipitishe hivi lilivyo, na nitaeleza kwa nini.

Prostati ni tezi ya wanaume. Iko chini ya kibofu, na mrija wa mikojo unapita katikati yake. Mwanaume akizeeka, tezi hiyo inakua, inabana mrija. Ndiyo maana papa anaamka mara tatu, mara nne usiku, anasimama muda mrefu, mikojo inatoka kidogo-kidogo. Mara nyingi huo ni uzee wa tezi tu, si kansere. Na kansere yenyewe, ikiwa inaanza, mara nyingi haisemi kitu. Mtu anakojoa vizuri, anatembea, anapiga chukudu yake.

Kipimo tunachozungumzia kinaitwa PSA. PSA ni proteini ambayo prostati yenyewe inaitengeneza, ikiwa nzima au ikiwa mgonjwa. Inapanda kwa kansere, lakini inapanda pia kwa tezi iliyokua, kwa ambukizo la mikojo, na kwa mtu aliyewekwa sonda juzi. Kwa hiyo karatasi ya labo haisemi "una kansere". Inasema "kuna kitu, endelea kutafuta". Kazi yote iko katika hiyo "endelea".

Ugonjwa huu tunaujua zaidi ya tunavyofikiri. Mobutu alipasuliwa prostati kule Lausanne, Uswisi, mwezi wa 8 mwaka 1996. Vita ilipowaka huku kwetu Kivu miezi michache baadaye, yeye alikuwa Ulaya akitafuta nguvu. Alikufa Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba 1997. Ni yeye aliyekuwa na uwezo wa kulipa muganga yeyote duniani. Mandela naye walimkuta na kansere hiyo hiyo mwaka 2001, akiwa na miaka 83. Walimtibu kwa miale, akaishi hadi 2013, na hakufa kwa hiyo. Sasa mtu atasema: munaona, aliyepatikana mapema aliokoka. Labda. Au labda kansere ya Mandela ilikuwa ya ile aina inayotembea polepole, ambayo ingemwacha afike pale pale hata bila matibabu. Kwa mtu mmoja huwezi kujua. Hapo ndipo mabishano ya waganga wa dunia nzima yalipoanzia.

Ulaya walitafuta jibu kwa njia ndefu. Kuanzia miaka ya 1990 waliwachukua wanaume karibu 182,000 katika nchi kadhaa, wengine wakaitwa kupimwa PSA kila baada ya miaka, wengine wakaachwa. Baada ya miaka 16 wakahesabu: ili kifo kimoja cha kansere ya prostati kizuiwe, ilibidi kuita wanaume 570, na wanaume 18 zaidi kuambiwa wana kansere. Hesabu ya baada ya miaka 23 iliyotoka 2025 ni nzuri zaidi kidogo: wanaume 456 kuitwa, na 12 kuambiwa. Kwa hiyo kipimo kinaokoa, sitaki mtu aseme nimekataa hilo. Lakini angalieni wale wengine 11. Wameambiwa kansere, wengi wamepasuliwa au wamechomwa miale, na wengi wao wasingekufa kwa ugonjwa huo. Upasuaji huo unawaacha wengine wanavuja mikojo, na wengine nguvu za kiume zinapungua au zinakwisha. Hilo mara nyingi mwanaume hamwambii mtu, hata bibi yake analigundua bila kuambiwa.

Marekani wao wamegeuka mara mbili. Mwaka 2012 wataalamu wao walisema kipimo hiki kisitolewe kama desturi. Mwaka 2018 wakasema: mwenye miaka 55 hadi 69 azungumze na muganga wake kisha achague mwenyewe; mwenye 70 na zaidi, asipimwe. Halafu Mei 2025 tukasikia kwa redio kwamba Joe Biden, miaka 82, ana kansere iliyofika kwenye mifupa, na kipimo chake cha mwisho cha PSA kilikuwa cha 2014. Mabishano yakaanza upya.

Papa mmoja aliniambia nje pale, kabla hatujaingia: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tunakufa kwa kukosa kipimo, wao wanalalamika kwamba vimezidi." Ana haki kwa sehemu kubwa. Wale 182,000 karibu wote walikuwa Wazungu, na sisi weusi ugonjwa huu unatupiga zaidi. Uingereza, mwanaume mmoja kati ya 8 ataambiwa ana kansere ya prostati katika maisha yake. Kwa wanaume weusi wa huko ni mmoja kati ya 4. Marekani, weusi wanakufa kwayo karibu mara mbili kuliko weupe. Na kwetu, watu wanafika hospitali wakiwa wamechelewa. Katika kazi yangu ya uuguzi nimepokea wazee ambao mgongo uliwauma mwaka mzima. Kwanza wanasema ni mizigo. Halafu ni baridi ya kambini, ile ya kulala juu ya mawe ya volkano. Halafu ni karuho, kuna mtu amemtilia sumu, na pesa ya kuuza mbuzi inaishia kwa mtu wa miti shamba. Anapofika kwetu miguu haina nguvu tena, kansere imeshaingia kwenye uti wa mgongo.

Lakini sikieni: mzee huyo hakukosa siku moja ya kupimana damu. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, kwa mwanaume wa umri wake, yanaonyeshwa kwa muganga. Na alikosa pesa ya kuanzia.

Tuseme tumefanya siku yetu na wanaume 100 wamekuja. Katika ile kazi ya Ulaya, vipimo 16 hivi kati ya 100 vilitoka juu. Tuchukue hiyo. Tuko na watu 16 wenye karatasi mbaya. Kinachofuata ni biopsi, yaani sindano inayochukua vipande vidogo vya prostati, mara nyingi 10 au 12, kupitia njia ya nyuma. Inaweza kutoa damu, inaweza kuleta ambukizo. Halafu vipande visomwe kwa darubini na muganga wa kazi hiyo, na hao katika Kongo nzima ni wachache sana. Ulaya, kati ya waliochukuliwa vipande 100 kwa sababu ya PSA kupanda, 76 hivi hawakukutwa na kansere. Na wale waliokutwa nayo? Kwa miale, wa karibu nasi ni Kigali, kwa mwenye makaratasi ya kuvuka barrière na dola za kulipa. Kinshasa iko mbali kuliko zamani, maana Januari 2025 uwanja wetu wa ndege ulifungwa.

Pesa tuliyo nayo inatosha kutoa damu ya wote, haitoshi kumfikisha hata nusu ya wale 16 kwenye jibu. Tutakuwa tumewapa watu 16 usingizi mbaya. Wanaume hawa wamerudi kutoka kambi, wengine wanaezeka nyumba ya bâche kwa mara ya tatu. Atauza shamba alilolirudia, kwa ugonjwa ambao pengine hana.

Ninachopendekeza ni hiki. Pesa ianze na wenye dalili: aliyeziba mikojo, anayekojoa damu, mwenye maumivu ya mifupa yasiyopoa. Huyo sanduku limlipie muganga, uchunguzi wa kidole (ndiyo, kidole, ni dakika moja, na hakuna aliyepoteza uanaume wake kwa hicho), PSA, ekografi, na sonda ikihitajika. Asiachwe njiani. Baada ya hao, wanaume wa miaka 45 hadi 69 ambao baba au ndugu wa tumbo moja ameugua kansere hii, maana kwao hatari iko juu. Tukae na kila mmoja, tumweleze kama nilivyoeleza hapa, na akitaka kupimwa, sanduku liahidi mbele ya kumtoa damu kwamba litafika naye hadi biopsi na jibu lake. Wengine wasio na dalili, mlango uko wazi kwa mazungumzo, lakini tusiwapange mstari. Na mzee wa miaka 75 asiye na shida yoyote tumwache apumzike.

Sehemu inayobaki tuiweke kwa upasuaji. Tangu 1941, Charles Huggins wa Chicago alipoonyesha kwamba kansere hii inakula homoni ya kiume, waganga wanajua kwamba kutoa korodani kunaishusha, hata ikiwa imefika kwenye mifupa. Haiponyi, lakini maumivu yanapungua sana, mara nyingi kwa siku chache, na mtu anapata muda. Ni upasuaji mdogo ambao hospitali kubwa za mji wetu zinaweza kuufanya. Bei yake ni ndogo kuliko sindano za kila baada ya miezi mitatu zinazofanya kazi hiyo hiyo. Najua ni neno gumu kwa mwanaume kulisikia. Nimewaona waliokubali, wakiwa na bibi zao kando, na nimewaona waliokataa.

Kwenu marafiki munaotoa pesa, nasema wazi: mpango huu utawapa nambari ndogo. Siku ya kutoa damu ingeandikwa "wanaume 300 wamepimwa". Mpango huu labda utaandika "wanaume 20 wamesindikizwa hadi mwisho". Naomba muipokee ripoti hiyo.

Komite itapiga kura Jumapili ijayo baada ya misa. Mwenye baba au kaka aliyeugua prostati aandikishe jina kwa sekretere, na anayeona haya aje kwangu pembeni, au amtume bibi yake. Mwenye sonda iliyokaa zaidi ya mwezi bila kubadilishwa asingoje Jumapili, anione leo kabla hatujatoka.