Mtoto Asiachwe Mikononi mwa Mtu Mmoja
Mhadhara wa umma kuhusu ulinzi wa watoto katika klabu ya kriketi, Nyamuswa, Wilaya ya Bunda



Mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, kucheza Kombe la Dunia la kriketi la umri wao, lililopangwa kuanza Januari 2026 huko Zimbabwe na Namibia. Habari ile ilipita upesi redioni, maana kriketi kwetu bado ni mchezo wa Dar es Salaam kuliko wa mikoani. Hapa Nyamuswa mtoto akimaliza kuchota maji na kufungia ng'ombe anakimbilia mpira wa miguu, na binti akiwa na bahati ya muda anacheza netiboli. Hata hivyo nimekuja kuzungumzia kriketi, na nina sababu. Mchezo mgeni hauna mazoea. Klabu ya soka ikishakaa kijijini miaka 20, ukiiambia leo ibadilishe jinsi inavyosafirisha watoto, utaambiwa mbona siku zote tumefanya hivi na hakuna aliyekufa. Klabu ya kriketi itakayoanzishwa hapa haina «siku zote». Inaweza kuandika kanuni zake kabla kiwanja hakijafyekwa.

Ninachotaka kusema jioni hii ni kimoja: usalama wa mtoto katika klabu usitegemee wema wa mtu mzima mmoja. Hata awe mwema kiasi gani.

Nianze na mpira wenyewe. Mpira wa kriketi ni wa ngozi, mgumu, uzito wake gramu 160 hivi kwa wakubwa, na unarushwa kumwelekea mpigaji aliyesimama upande wa pili wa njia ya urefu wa mita 20. Ukimpata mtoto usoni, si jambo la kumwagia maji na kumwambia simama. Uingereza, ambako mchezo ulizaliwa, bodi ya kriketi imeweka kanuni za hesabu. Mchezaji wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuukabili mpira mgumu bila kofia ngumu yenye kinga ya uso. Mtoto wa rika la chini ya miaka 13 hasimamishwi kudaka karibu na mpigaji pungufu ya mita 10. Mrushaji wa kasi wa rika hilo hapewi zaidi ya ova 5 mfululizo, wala zaidi ya ova 10 kwa siku nzima, na ova moja ni mipira 6. Sababu ya hizo ova ni mgongo: mifupa ya kiuno ya kijana anayekua hupata nyufa akirusha kwa nguvu kupita kiasi, na nyufa hizo hazionekani kwa macho, mtoto analalamika tu kwamba kiuno kinauma, na kocha aliyezoea kushinda atamwambia avumilie.

Angalieni jinsi kanuni hizo zilivyotungwa. Hazisemi kocha awe na huruma, wala kocha atumie busara. Zinasema mita 10, ova 5, kofia. Kocha mwema anazifuata, kocha mwenye hasira naye anazifuata, na mzazi aliyekaa pembeni, hata kama hajui mchezo, anaweza kuhesabu mipira kwa vidole. Kanuni za mwenendo nazo ziandikwe vivyo hivyo, ziwe za kuonekana na kuhesabika.

Nawaomba mnivumilie niwatoe nje kidogo. Marekani, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, alihukumiwa Januari 2018 kifungo cha miaka 40 hadi 175 kwa kuwadhalilisha watoto wa kike aliokuwa akidai kuwatibu. Zaidi ya wanawake na wasichana 150 walisimama mahakamani kueleza aliyowatendea. Kinachoniuma zaidi katika kesi ile ni kwamba mara nyingine mzazi alikuwa mle mle chumbani. Daktari alijiweka kati ya mama na mtoto, akaongea na mama huku mkono wake ukitenda uovu, na mtoto akanyamaza kwa sababu mama yake alikuwa akitabasamu na daktari. Uingereza, mwaka huo huo wa 2018, kocha wa soka Barry Bennell alifungwa miaka 31 kwa kuwaharibu wavulana. Wavulana, nasisitiza. Alikuwa akiwakaribisha walale nyumbani kwake, nyumba yenye mashine za michezo na wanyama wa kufugwa wa ajabu ajabu, na wazazi wakashukuru kwamba kocha mkubwa amempenda mtoto wao.

Msijiambie hayo ni ya Wazungu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, uliohusisha Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili na UNICEF, uliwauliza vijana waliyoyapitia kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono. Wavulana ilikuwa 1 katika kila 7. Na waliowahi kumwambia mtu yeyote walikuwa takriban nusu ya wasichana hao, na theluthi tu ya wavulana. Hesabuni watoto wa darasa moja la shule ya msingi hapa, mtaona nazungumza juu ya nani.

Sasa nije kwetu Mara, na niseme jambo ambalo huenda wazee wangu hawatalipenda. Tunawalea watoto wetu kwa heshima, na mimi mwenyewe nililelewa hivyo na ninaithamini. Mtoto hamjibu mkubwa, hamtazami usoni anapogombezwa, akitumwa anakwenda. Heshima hiyo hiyo ndiyo anayoitumia mtu mbaya. Hahitaji nguvu, anahitaji tu kuwa mkubwa. Mtoto aliyefundishwa kwamba mwalimu hakosei, siku mwalimu akikosea hana maneno ya kulisema jambo lile. Klabu imfundishe mtoto, mbele ya wazazi wake, kwamba yapo mambo ambayo hata akiamriwa na kocha anaruhusiwa kukataa na kuondoka, na kwamba kuondoka huko si utovu wa adabu. Mzazi awepo asikie. Asiposikia, mtoto atakwenda kuchapwa nyumbani kwa kumkatalia kocha.

Na kuchapa kwenyewe nisikupite. Kanuni za viboko shuleni zina mipaka: anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa ruhusa ya maandishi, viboko visizidi 4, viandikwe kwenye daftari, na msichana achapwe na mwalimu wa kike. Wengine wetu tunaona hata hivyo ni vingi mno. Lakini kocha wa klabu si mwalimu mkuu wa mtu yeyote. Fimbo ya kocha pembeni ya uwanja haimo katika kanuni hizo, na klabu iipige marufuku kwa sentensi moja isiyo na «isipokuwa». Kuzungushwa uwanja kwenye jua la saa nane bila maji, eti adhabu ya kuchelewa, nako kuhesabiwe ni kupiga.

Hatari kubwa kuliko fimbo iko njiani. Tuseme timu imekwenda Musoma. Mechi ya kriketi ni ndefu, haiishi kwa dakika 90. Inakwisha saa kumi na mbili jioni, vibao na pedi vinakusanywa, na gari la kukodi lina nafasi pungufu moja. Kocha anasema, huyu nitampakia mimi kwenye pikipiki. Ni binti wa miaka 14. Barabara kuu hadi Bunda, halafu ile inayoingia Nyamuswa, giza limeshaingia. Labda kocha huyo ni mtu safi kabisa na atamfikisha mlangoni kwa mama yake salama. Klabu imefanya nini kuhakikisha hilo? Haikufanya kitu. Imemwachia yeye na Mungu wake. Kanuni ni nyepesi: hakuna mtoto anayesafiri peke yake na mtu mzima mmoja asiye mzazi wake, watu wazima ni wawili, mmoja awe mwanamke timu ikiwa na wasichana, nafasi za gari zisipotosha, safari haipo. Ikilazimu kulala, watoto wanalala na rika lao, wasichana mbali na wavulana, na hakuna kocha anayegonga mlango wao peke yake. Ujumbe wa simu unakwenda kwenye kundi ambalo wazazi wamo, haumfuati mtoto binafsi saa nne usiku.

Halafu kuna viatu. Hapa kwetu hili ndilo gumu, kwa sababu umaskini ni wa kweli. Kocha anamwona kijana mwenye kipaji anacheza pekupeku, anamnunulia raba. Mwezi unaofuata daftari, halafu nauli, halafu ada ya mtihani. Siwezi kusimama hapa nikawaambia makocha wasiwe na huruma. Nasema raba hizo zipitie klabu: ziandikwe, zikabidhiwe mbele ya mzazi, na mtoto ajue amepewa na klabu. Msaada unaotolewa kwa siri humjengea mtoto deni asilojua atalilipaje, na siku anayemdai akitaja malipo, mtoto hujiona hana haki ya kukataa.

Mkoa wetu una jambo lake jingine. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulionyesha 28. Inashuka, polepole mno. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai, na bado Desemba ikifika, shule zikifungwa, mabinti wanakimbilia nyumba salama za Mugumu na Butiama alikofanya kazi mwanaharakati wa kupinga ukeketaji Rhobi Samwelly na wenzake. Klabu ya michezo inaingiaje hapo? Inaingia kwa daftari la mahudhurio. Shule imefungwa, mwalimu wa darasa yuko likizo kwao, lakini mazoezi ya kriketi ya Jumamosi yanaweza kuendelea. Binti aliyehudhuria miezi mitatu asipoonekana Jumamosi mbili za Desemba, mtu ana wajibu wa kwenda kuuliza. Kenya, kule Laikipia, vijana wa Kimaasai walioanza kufundishwa kriketi mwaka 2007 waliunda timu yao, wakacheza kwa shuka na shanga, wakafika hadi Cape Town mwaka 2012, na wakaitumia sauti waliyoipata uwanjani kuwaambia wazee wao kwamba ukeketaji na ndoa za utotoni ziishe. Walikuwa morani, na wazee waliwasikiliza kwa sababu ni wana wao. Wavulana wa Nyamuswa wanaweza kufanya hivyo kwa dada zao.

Mwenendo wa watoto wenyewe niupitie kwa haraka. Kutukanana, kumcheka anayeshindwa kudaka, kumpiga picha mwenzako akibadili jezi na kuirusha kwenye simu: hayo yote yawe na adhabu inayojulikana. Sheria za kriketi tangu Oktoba 2017 zinampa mwamuzi uwezo wa kumtoa mchezaji nje kwa utovu wa nidhamu, kwa hiyo si lugha ngeni. Na msidanganye umri. Kijana wa miaka 18 aliyeandikwa 13 anamrushia mpira mgumu mtoto wa miaka 12 wa kweli. Uongo wa cheti hapo unaweza kuvunja taya.

Mwisho ni mahali pa kupeleka taarifa, na hapa ndipo kanuni nyingi nzuri hufia. Jambo likitokea, tunaitana. Upande wa kocha na upande wa mtoto wanakaa, wanataja ng'ombe, wanashikana mikono, na mtoto anaonywa asilitaje tena. Ng'ombe wale hawakumtibu mtoto, na wanamrudisha kocha yule yule uwanjani Jumamosi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya kuvunjwa kwa haki za mtoto azipeleke kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Kila mwanajamii, si mzazi pekee. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, yuko afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na ipo namba 116 ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bure. Ndani ya klabu awepo mlezi wa watoto, mwanamke ikiwezekana, aliyechaguliwa na wazazi, asiye ndugu wa kocha wala chini ya amri yake. Kazi yake ni kupokea na kupeleka siku hiyo hiyo. Asichunguze, asipatanishe.

Mtaniuliza: na kocha akisingiziwa? Inawezekana. Ndiyo maana anayetuhumiwa akae kando bila kuitwa mkosaji mpaka vyombo vya sheria vimalize, na ndiyo maana kocha mwaminifu anazihitaji kanuni hizi kuliko mtu yeyote. Aliyesafiri siku zote na mtu mzima wa pili ana shahidi. Aliyempakia binti kwenye pikipiki hana.

Pendekezo langu kwa kamati itakayoundwa ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, wenye hayo niliyoyataja na namba 116 kwa maandishi makubwa. Usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, watoto wakiwemo, kila mzazi na kila kocha atie sahihi au dole gumba, kabla ya kununua mpira wa kwanza. Nitafurahi kujibu maswali, na ningependa tuanze na watoto.