Kilima cha Bujora: Ibada, Ngoma na Riziki katika Nchi ya Wasukuma

Mhadhara wa umma uliotolewa Nyahanga, Kahama



Katika milima ya Himalaya, kaskazini mwa India, uko mji wa hekalu uitwao Badrinath, ambao kila mwaka, theluji inapokaribia mnamo mwezi wa Novemba, hufunga milango ya hekalu lake na kuihamishia ibada yake Joshimath, bondeni, hata majira ya baridi yapite na mahujaji waanze kupanda tena kwa maelfu. Na wenye nyumba za wageni, wauza maakuli na wachukuzi hupata katika miezi ile michache riziki ya kuwavusha mwaka mzima. Nimetangulia kuutaja mji huo wa mbali kwa kuwa hoja ninayokusudia kuieleza ni moja, nayo ni kwamba mahali pa ibada hustawi pale sikukuu yake inapoafikiana na majira ya kazi na ya mapumziko ya watu wanaopazunguka. Na ushahidi wa hoja hiyo tunao katika nchi yetu wenyewe, juu ya kilima chenye majabali kiitwacho Bujora, Kisesa, wilayani Magu, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka Mwanza kwa njia ya kwendea Musoma.

Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883, na mwaka 1891 wakafungua misheni ya Ushirombo, ambayo wengi wenu mnaijua kwa macho. Katika miongo ile ya kwanza ngoma na dini ziliwekwa aghalabu pande mbili za ukuta mmoja, na muumini aliyeonekana uwanjani akicheza alihesabiwa kuwa amerudi alikotoka. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha kwamba padre mmoja wa shirika lilo hilo, Mkanada David Clement, alipoianzisha parokia ya Bujora katika miaka ya 1950, wakati Misa ingali ikisomwa kwa Kilatini na Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujaitishwa bado, alitafuta shauri la wazee wa Kisukuma na kujenga kanisa la mviringo kwa sura ya nyumba ya Msukuma, altare yake ikafanana na kiti cha enzi cha mtemi, na tabernakulo ikawa nyumba ndogo yenye mkuki na ngao, alama ambazo Msukuma wa zamani hakuhitaji kufasiriwa, kwa maana zilimjulisha kwamba mwenye enzi yumo ndani.

Tadbiri ile ilikuja kwa wakati wake. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika iliuondoa utawala wa watemi, na vyombo vilivyokuwa mhimili wa enzi zao, yaani ngoma, viti, mikuki na mavazi ya kutawazwa, vikabaki bila kazi majumbani mwa warithi, vikikabiliwa na mchwa, moto na wanunuzi wa vitu vya kale. Jumba la makumbusho lilipofunguliwa Bujora mwaka 1968, likiwa na banda la ngoma za watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, vitu hivyo vilipata makao chini ya kivuli cha kanisa. Na kwa hakika sijui mahali pengine katika kanda yetu ambapo taasisi ya dini imechukua dhamana ya kuhifadhi alama za utawala ambao Serikali yenyewe ilikwisha kuufuta.

Lakini jengo, hata likiwa na hazina namna gani, halivuti umati likiwa peke yake. Uhai wa Bujora umo katika Bulabo, sikukuu inayofungamana na ile ya Ekaristi Takatifu, ambayo kwa hesabu ya Kanisa huja siku 60 baada ya Pasaka, yaani kati ya mwishoni mwa Mei na mwishoni mwa Juni. Tazameni basi jinsi hesabu hiyo iliyopangwa Ulaya karne nyingi zilizopita ilivyoangukia katika nchi ya Wasukuma: mvua zimekoma, mtama na mahindi yamevunwa au yamo katika kuvunwa, pamba inachumwa na fedha zake zinakaribia, na tangu enzi za mababu huo ndio wakati wa jembe kupumzika na ngoma kuamka. Padre Clement hakubuni mashindano ya ngoma. Aliyakuta, yakiwa yamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo kwa mapokeo vilitokana na wachezaji hodari wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Alilofanya ni kuyakaribisha siku ya maandamano ya Sakramenti.

Kanuni ya mashindano hayo inastahili kuelezwa kwa vijana waliozoea waamuzi wenye karatasi za alama. Pande mbili hucheza uwanja mmoja, saa ile ile, kila moja mahali pake, na hakuna aketiye kuhukumu. Watazamaji ndio mizani, wakimiminikia upande unaowafurahisha, hata upande mmoja ukazingirwa na umati na mwingine ukabaki ukiyachezea majani. Ndiyo maana wachezaji huleta chatu hai shingoni, ndiyo maana wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe, huyarusha majembe yao hewani wakayadaka kwa mlio wa ngoma, na ndiyo maana, nisiwafiche, manju wengi, yaani viongozi wa ngoma, hutafuta kwa waganga dawa za mvuto. Hili la mwisho limewatia Wakristo wengi wasiwasi, nami nauheshimu wasiwasi wao; lakini naona kwamba Kanisa lililokubali kusimama karibu na uwanja huo limewajua watu wake kuliko lile lililofumba macho.

Tijara hufuata umati. Wakati wa Bulabo barabara ya Kisesa hujaa wauza vitenge, mama lishe, wachoma mishikaki na waendesha bodaboda. Na tijara hiyo huutazamia mfuko wa mkulima, ambao zamani ulitegemea Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, ambalo lilimpa mkulima wa pamba sauti mbele ya mnunuzi. Vyama hivyo vilipovunjwa mwaka 1976, pigo lilifika hata viwanjani, kwa sababu chama cha ngoma huishi kwa michango, na mchango hutoka katika mavuno.

Sasa nigeukie kwetu. Kanda hii imepata dhahabu: mgodi wa Bulyanhulu tangu mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, jirani yetu kabisa, tangu mwaka 2009 hata uchimbaji wake ulipofikia ukomo, tukauona mji ukijifunza upya namna ya kupata riziki. Mgodi hauna majira; huchimbwa usiku na mchana, masika na kiangazi, na anayeufuata hana mwezi wa kukutana na jamaa zake. Mwezi huo tunaweza kuutenga wenyewe: Bagika na Bagalu wapo Msalala na Ushetu, ngoma za watemi zingali majumbani mwa koo kadhaa ambazo wazee waliomo humu wanazijua, na viwanja tunavyo. Ombi langu kwa Baraza la Manispaa na kwa viongozi wa dini zote ni kwamba wakae pamoja kabla ya mvua za mwaka huu, wachague juma moja la mwezi wa Juni, baada ya mavuno, liwe la mashindano kila mwaka pasipo kuhamishwa kwa ajili ya ratiba ya mgeni yeyote. Na koo zenye ngoma zialikwe kuzileta zenyewe, zikapigwe na wenyewe, kisha zirudi nazo nyumbani, mpaka pale zitakaporidhika kwamba tumejenga mahali panapostahili kuzitunza.