Barabara imefika, mpangaji anahama



Jumamosi iliyopita nilipita kwa mama mmoja ambaye kwa miaka minne nimekuwa nikinunua chapati zake kabla ya kuingia kazini. Nilimkuta kibarazani, vyombo vyake vimekwisha kufungwa: godoro, ndoo mbili, jiko la mkaa, na mwanawe wa darasa la tatu amekaa juu ya furushi la nguo. Nikamwuliza, "Dada, kulikoni?" Akanijibu, "Si unaiona barabara, kaka? Imefika. Sisi tunaondoka."

Barabara hiyo naijua. Mvua zikinyesha ilikuwa haipitiki, hata bodaboda walikuwa wakigoma kuingia. Sasa imewekwa lami, mitaro ya zege na taa. Mwenye nyumba naye hakukawia. Chumba alichokuwa akilipia shilingi 40,000 kwa mwezi kikawa 70,000, na kodi ni ya miezi sita kwa mkupuo. Piga hesabu, msikilizaji: zilizokuwa 240,000 zimekuwa 420,000. Kwa chapati! Basi amepata chumba kule bondeni, ambako barabara haijafika na maji ya mvua yanaingia ndani.

Nisieleweke vibaya. Mimi si mpinzani wa barabara. Nimekulia katika chumba cha kupanga, na najua maana ya kuamka usiku wa masika, baba anainua kitanda juu ya matofali, mama anateka maji kwa sufuria na kuyamwaga nje, nayo yanarudi. Anayesema mitaro si kitu, huyo hajalala Manzese. Halmashauri zetu zinastahili pongezi pale zinapofanya kazi. Lakini leo nataka tuulizane swali moja: mtaa unapotengenezwa, unatengenezewa nani?

Jambo hili lina historia. Baada ya uhuru, serikali ilidhani dawa ya mitaa ya hovyo ni kuvunja. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipewa kazi ya kubomoa vibanda vya udongo na kujenga nyumba bora mahali pake. Nia ilikuwa njema, lakini gharama zilikuwa kubwa, na watu walikuwa wakimiminika mjini kuliko nyumba zilivyojengwa. Ilipofika mwaka 1972 serikali ikabadili msimamo: mitaa iliyokwisha kujengwa isivunjwe, iboreshwe.

Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaja mradi wa viwanja na huduma. Hapa Dar es Salaam ulifanyika kwa njia mbili. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja vipya, zikachongwa barabara, yakapelekwa maji, halafu wananchi wakajenga wenyewe. Manzese na Mtoni-Tandika, ambako watu walikwisha kujaa, zilipitishwa barabara na huduma katikati ya nyumba zilizokuwepo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia miradi hiyo katika miji saba ya Tanzania, umeonyesha kwamba miongo kadhaa baadaye pale palipopimwa kwanza pana nyumba bora na mitaa yenye mpangilio kuliko pale palipoboreshwa baada ya watu kujaa. Kupima mapema, kwa maneno mengine, kunalipa.

Lakini hebu nenda Sinza leo ukatafute chumba. Au Mikocheni! Mtaa ukishakuwa mzuri, mwenye kipato kidogo huuangalia kupitia dirisha la daladala.

Halafu kuna Hanna Nassif, kule Kinondoni karibu na bonde la Msimbazi. Mwaka 1994 wakazi wa mtaa ule, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, walianza kuchimba mitaro na kutengeneza barabara za moramu kwa mikono yao, wanawake kwa wanaume, na wakalipwa ujira. Walikuwa na chama chao cha maendeleo, na waliamua wenyewe mtaro upite wapi. Wageni walikuja kutoka mbali kujifunza. Mafuriko yakapungua, kweli. Lakini hata huko wapangaji walilalamika kwamba kodi zimepanda, na wako waliohama. Mtu amechimba mtaro kwa jembe, kisha mtaro huohuo ukamfukuza.

Tangu mwaka 2015 tumeona mradi wa uendelezaji wa jiji, ule tunaouita DMDP, ukijenga barabara za lami, mitaro na taa katika mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Ni kazi kubwa na inaonekana kwa macho. Wakati wa kutekeleza mradi kama huo, mwenye nyumba ambaye ukuta wake umeguswa hukaa na mthamini, akahesabiwa matofali na michungwa, akasaini. Mpangaji yeye huambiwa tu, "Tafuta pengine."

Na sheria inasemaje? Zamani tulikuwa na Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, na mabaraza ambako mpangaji angeweza kupeleka shauri lake. Haikuwa sheria kamilifu. Wako wenye nyumba walioumizwa nayo, na wako wapangaji waliokaa bure kwa kujificha nyuma ya kesi. Mwaka 2005 ikafutwa. Toka hapo mkataba wa wengi wetu ni mdomo wa mwenye nyumba na kidole cha dalali, ambaye naye anataka kodi ya mwezi mmoja mkononi.

Kisha, mwaka 2021, kodi ya majengo ikaingizwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikaja kupanda hadi 1,500. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ni nani? Ni wapangaji, wanaochangishana kwenye ukumbi kila unapokatika. Mtu analipia kodi jengo ambalo si lake, na mwisho wa miezi sita anaambiwa afungashe.

Msikilizaji, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu. Wapangaji humo si watu wa kupita. Ni mwalimu wa mwanao, muuguzi wa zamu ya usiku, konda, fundi cherehani, askari, mama lishe. Mji hauendi bila wao. Wakisukumwa bondeni, kesho halmashauri italazimika kuwafuata huko na mitaro mingine, kwa mkopo mwingine, na mzunguko uanze upya.

Nina mapendekezo matatu, wala si mageni sana.

La kwanza, kabla greda halijafika mtaani, serikali ya mtaa iitishe mkutano wa wapangaji kama inavyowaita wenye nyumba. Kuwe na maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba kwa kipindi fulani baada ya mradi kodi haitapanda kwa ghafla. Mwenye nyumba amepata thamani ya bure kwa fedha za umma. Si dhambi kumwomba asubiri kidogo.

La pili, Bunge litutazame tena. Hatuombi kurudishiwa sheria ya 1984 kama ilivyokuwa. Tunaomba notisi inayoeleweka, mkataba wa maandishi, na mahali pa kusikilizwa pasipohitaji wakili.

La tatu, halmashauri zipime viwanja vidogo mapema, vyenye njia na maji, kabla watu hawajafika. Na visiuzwe kwa bei ambayo mwalimu anaisoma kwenye ubao wa matangazo na kwenda zake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nilimsaidia yule mama kupandisha furushi kwenye guta. Mwanawe aliuliza kama huko wanakokwenda kuna taa za barabarani kama hizi mpya. Mama yake hakumjibu, akamwambia ashike vizuri ndoo.

Jumatatu asubuhi nilipita palepale kwa mazoea. Taa zilikuwa bado zinawaka, barabara imefagiliwa, na kibarazani hakuna mtu. Watendaji wetu wa kata na madiwani, siku mkija kukata utepe, ulizeni kwanza waliokuwa wakiishi hapo wako wapi.